Dengu, Mbaazi na Kidonda cha Mama

Baba aliuza madume matatu ili Mama apelekwe India. Kwetu, kaskazini mwa Uganda, kuuza dume si jambo dogo. Ng'ombe wa babu yangu waliporwa wote wakati wa vita, na hawa tuliokuwa nao Baba aliwanunua mmoja mmoja kwa miaka mingi. Lakini Mama alikuwa ameanguka kutoka kwenye bodaboda, mfupa wa nyonga ukaungwa vibaya, na kwa miaka miwili alitembea kwa magongo huku akiuma meno. Tuliambiwa kwamba nyonga ile ingeweza kubadilishwa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kwa gharama ambayo ukoo ungeimudu ukichangishana. Dada zangu walikuwa na watoto wachanga. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea Kiswahili na historia, sina mke wala mtoto. Nikaomba ruhusa ya muhula mmoja, nikaenda naye.

Ndani ya ndege nilitambua jambo lililonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: tulikuwa tumeuza ng'ombe ili twende mahali ambapo ng'ombe haliwi.

Wagonjwa wa Uganda waliotutangulia walikuwa wametupa ushauri mmoja: "Mkifika, mtafuteni bibi yule anayejua Kiswahili." Bibi huyo alikuwa na nyumba ya ghorofa moja karibu na hospitali, na vyumba vya chini aliwapangisha wagonjwa kutoka Afrika Mashariki. Kila mtu alimwita Ba, neno ambalo Wagujarati humwitia mama au bibi. Alitupokea mlangoni, akamtazama Mama, akasema, "Karibu, ben. Mimi zaliwa Lira."

Lira ni mji ulio safari ya saa chache tu kutoka kwetu. Baba yake Ba alikuwa na duka huko. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, Ba alikuwa msichana wa miaka 18. Wengi walikwenda Uingereza. Baba yake alirudi Gujarat. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani na jikoni, na hakikuwa kimezungumzwa na watu wengi kwa nusu karne. Mama naye anajua Kiswahili cha sokoni, alichojifunza akiuza ufuta. "Mimi iko toka Kitgum," akajibu, na wawili hao wakaanza kuongea. Mimi niliyesoma ngeli zote nilibaki nimesimama na mizigo, mkalimani asiye na kazi.

Kisha Ba akatoa masharti ya nyumba. "Nyama hapana. Samaki hapana. Yai hapana. Ndani hapa, hapana. Huko nje, shauri yako." Tukakubali. Kodi ya chumba ilikuwa pamoja na chakula mara mbili kwa siku, nami nilikuwa nikikibeba kutoka jikoni kwake hadi chumbani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya sita tulirudi chumbani, na Mama akaanza kujifunza kutembea kwa fremu, hatua nne hadi dirishani, hatua nne kurudi. Lakini kula hakula. Kila alipoletewa sahani alitafuta nyama kwa macho, akaona rangi ya manjano, akanisukumia. "Nimekuja kupona au nimekuja kufunga?" aliniuliza. Mimi nilimchagulia alichokubali: wali, viazi, chapati, chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na biskuti. Dengu za Ba, ambazo yeye aliziita dal, niliziona kuwa mchuzi tu. Nilimwagia juu ya wali kijiko kimoja au viwili vya maji yake ya juu, zile punje nikaziacha chini ya bakuli.

Siku ya kumi na mbili, nilipobadilisha bandeji, niliona unyevu. Sehemu ya mshono, kama urefu wa kidole gumba, ilikuwa imeachana. Tulirudi hospitali siku hiyohiyo. Daktari alikisafisha kidonda, akasema hakuna usaha, ila vipimo vya damu vilionyesha kwamba protini ya mwilini iko chini. "Mwili hauna uzi wa kujishonea," alituambia kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria Mama kwa Kiacholi. Akaongeza kwamba kama kidonda hakitaonyesha dalili ya kufunga baada ya wiki mbili, ingebidi arudishwe chumba cha upasuaji. Nilijua kiasi cha fedha kilichobaki. Hakukuwa na dume la nne.

Tulipelekwa kwa mtaalamu wa lishe, dada mmoja kijana, mpole, mwenye kalamu nyekundu. Alitaka nimtajie kila kitu alichokula Mama jana yake. Nikataja. Akaandika nambari kando ya kila chakula, akajumlisha: haikufika gramu 30 za protini. Halafu akaandika nambari nyingine. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu anayeuguza kidonda huhitaji zaidi, na kwa Mama, ambaye figo zake zilipimwa na kuonekana nzima, alitaka gramu 1.2 kwa kilo. Mama alikuwa na kilo 58. Nilizidisha kichwani: karibu gramu 70. Alikuwa akila chini ya nusu ya mahitaji yake, na aliyekuwa akimpakulia ni mimi.

Ungedhani hapo ningeuliza maswali zaidi. Sikuuliza. Kichwani mwangu protini ilikuwa na jina moja tu, nyama, nami nikatoka pale nikitafuta nyama. Ahmedabad si mji usio na nyama kama wengi wanavyodhani. Katika mitaa ya mji mkongwe kuna kuku wa kuchoma, kuna samaki, kuna mishikaki. Hata India nzima, wanaosema hawali nyama kabisa hawafiki nusu ya watu. Kwa jioni tatu mfululizo nilinunua kuku, nikamfunga kwa magazeti, nikamwingiza chumbani chini ya koti. Mama alipouliza, nilimwambia Ba ameruhusu kwa sababu ya ugonjwa. Alikula kwa furaha. Mifupa niliitupa mbali, kwenye jaa la mtaa mwingine.

Jioni ya nne nilimkuta Ba amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni petu. Hakuinua sauti. "Mtoto," alisema, "pua yangu mzee, lakini iko." Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Kama daktari sema kuku, mimi tafutia nyinyi nyumba ingine leo. Teksi mimi lipa. Lakini kwa nini wewe danganya mama?"

Mama alikuwa kitandani, mlango wazi. Alisikia yote. Alinisemesha kwa Kiacholi kwa muda mrefu, na sitayaandika yote hapa. Alisema kwamba hakunilea ili nivunje mwiko wa nyumba ya mtu aliyetupa kitanda. Alisema kwamba nimemfanya alishe kidonda chake kwa uongo. Kisha akamgeukia Ba, akamwambia kwa Kiswahili chake: "Sisi hapana hama. Sisi takula ya kwako."

Ndivyo masomo yangu ya kweli India yalivyoanza. Kesho yake asubuhi Ba aliniita jikoni. Kwetu mvulana mkubwa akionekana jikoni watu hucheka, lakini pale hapakuwa na wa kunicheka. Akanituma dukani: "Nunua dengu." Nikaenda, nikarudi na choroko. Mwalimu aliyenifundisha msamiati alikuwa Mkenya, na Wakenya wengi wakisema ndengu wana maana ya choroko zile za kijani. Ba alikuwa na maana ya dengu wa kamusi, wale wa rangi ya kahawia na njano, wenye kincha kama mdomo wa kifaranga. Alicheka hadi akashika ukuta. "Mwanafunzi wa Kiswahili!" akasema. Siku hiyo nilijifunza rafu yake yote ya mitungi: dengu, choroko, adesi, mbaazi, kunde, kila moja nzima au iliyopasuliwa, yenye ganda au isiyo na ganda.

Nilimwonyesha karatasi ya mtaalamu wa lishe, tukakaa na kupiga hesabu. Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Dengu, mbaazi, choroko na adesi, zikiwa kavu, zina protini ya gramu 20 hadi 24 hivi katika kila gramu 100. Kiasi hicho kinakaribiana na cha nyama mbichi. Lakini hakuna anayekula dengu kavu. Zikipikwa hunywa maji, na bakuli dogo la dal nyepesi lina punje za gramu 20 au 30 tu, yaani protini ya gramu tano au saba. Ukichota maji ya juu kama nilivyofanya, unapata rangi na chumvi. Basi Ba akaanza kumpikia Mama dal nzito, ya kusimamisha kijiko, na mimi nikaanza kupima punje kabla hazijaingia kwenye presha kuka.

Jambo la pili lilikuwa kuoanisha. Protini imeundwa kwa vipande viitwavyo asidi za amino, na baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea. Nafaka kama mchele na ngano zina upungufu wa moja ya hizo, iitwayo laisini, ambayo imejaa kwenye jamii ya kunde. Jamii ya kunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka zinayo. Kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ba hakujua majina hayo, lakini hakuwahi kuniwekea dal bila chapati au wali, wala chapati bila dal. Chakula alichompikia Mama jioni kilikuwa khichdi, yaani mchele na choroko vilivyopikwa sufuria moja na samli kidogo. Nilipoonja nilikumbuka somo la utamaduni wa pwani: huko wanakiita mseto.

Jambo la tatu lilikuwa kugawa. Badala ya kusubiri mlo mmoja mkubwa, tuligawa gramu 70 katika siku nzima. Asubuhi, chapati mbili nyembamba za unga wa dengu, ziitwazo chila, na glasi ya maziwa: gramu 21 hivi. Mchana, bakuli la dal nzito, chapati mbili za ngano na bakuli la mtindi: gramu 22. Alasiri, konzi ya dengu za kukaanga bila mafuta: gramu sita. Jioni, khichdi na kipande cha paneer, ile jibini nyeupe isiyoyeyuka: gramu 21. Paneer pekee ina protini ya gramu 18 hivi katika kila gramu 100. Mama aliikataa siku ya kwanza. Alisema ni kama kutafuna kifutio cha mwanafunzi. Ba hakubishana naye. Aliisaga kwa vidole, akaificha ndani ya chila pamoja na majani ya giligilani, na Mama akaomba nyingine.

Kulikuwa na mambo madogo pia. Kunde na dengu hujaza tumbo gesi, na mgonjwa aliyelala hateseki na kitu kama gesi. Ba aliloweka punje usiku kucha, akamwaga maji ya kulowekea, na wakati wa kukaanga viungo alitia tangawizi, bizari nyembamba na mvuje kidogo kama ncha ya kucha. Vitunguu na saumu hakutumia kabisa, kwa sababu ya dini yake. Chai tuliiondoa kwenye mlo, tukaisogeza mbele saa moja, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye dengu na mboga. Mahali pa chai tukaweka limau, maana vitamini C husaidia madini hayo kuingia mwilini. Maziwa na mtindi havikuwa kwa ajili ya protini tu. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, hivyo mtu asiyekula nyama wala mayai hana budi kuipata kwenye maziwa au kwenye vidonge.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila sahani ya Kihindi ni dawa. Ba mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alijichoma kidole, akatazama mashine yake ndogo, akasonya. Wagujarati hutia sukari guru kwenye dal, hupenda vitafunwa vya kukaanga, na wali mweupe hujaza sahani. Nilisoma baadaye mwongozo wa lishe uliotolewa mwaka 2024 na Taasisi ya Taifa ya Lishe ya India iliyoko Hyderabad. Unashauri kwamba nafaka zisitoe zaidi ya asilimia 45 ya nguvu ya chakula cha siku, ilhali Wahindi wengi wanapata zaidi ya nusu kutoka huko. Yaani mtu anaweza kuwa mla mboga maisha yake yote na bado akala wanga na mafuta tu. Ndicho nilichokuwa nikimlisha Mama kwa wiki nzima. "Mimi jifunza kupima nikiwa mgonjwa," Ba aliniambia. "Wewe jifunza sasa."

Pamoja na hesabu zote hizo, Mama bado alikula kwa heshima, si kwa hamu. Alimaliza sahani kwa sababu alimwahidi mwenye nyumba. Mambo yalibadilika siku niliyokuta Ba anapepeta punje nzima kwenye ungo wa chuma. Zilikuwa za mviringo, za rangi ya kahawia. Nilichota konzi nikampelekea Mama chumbani bila kusema kitu. Alitia moja mdomoni, akaitafuna, akanitazama. "Hii ni lapena," alisema.

Lapena ni jina la mbaazi kwa Kiacholi. Tunazilima kila mwaka. Zipo kwenye ghala la nyumbani muda wote, na Mama huzipika na kuzichanganya na ufuta uliosagwa. Dal ya manjano aliyokuwa akiisukuma kwa wiki tatu ilikuwa lapena iliyokobolewa na kupasuliwa. Ba alifuata nyuma yangu akiuliza kuna nini. "Tuver," alisema. "Lapena," alisema Mama. "Mbaazi," nilisema mimi, lakini hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wamekwisha kuanza kuelezana namna wanavyopika.

Jioni ile Ba alitoa unga mweusimweusi kwenye kopo, akamwonyesha Mama. Mama aliunusa. "Kal," alisema. Ulikuwa unga wa ulezi, au wimbi kama wengi wetu tunavyouita. Ba akasema kwao ni nagli. Nikasonga ugali wa ulezi kwenye jiko la gesi la Ba, mwiko ukiwa mdogo na mikono yangu ikiungua, Mama akielekeza kwa sauti kutoka chumbani. Aliula kwa dal nzito ya mbaazi, akauchovya kwa vidole kama nyumbani. Siku hiyo alimaliza sahani bila kumwangalia mtu yeyote, akaomba nyongeza. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu sikutaka wanione nikilia.

Baadaye nilisoma zaidi kuhusu vyakula hivyo. Mbaazi na choroko asili yake ni India. Huko ndiko vilikoanza kulimwa, na vikatufikia. Ulezi, mtama, uwele na kunde asili yake ni Afrika, vikaenda India maelfu ya miaka iliyopita. Uwele ndio mkate wa wakulima wa Gujarat mpaka leo. Ulezi, ingawa hauna protini nyingi, una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine za kawaida, na kalisi ndiyo mifupa inayohitaji. Kwa hiyo bakuli la mbaazi na tonge la ulezi alilokula Mama mle chumbani lilikuwa la kwao na la kwetu kwa pamoja, na lilikuwa hivyo kabla ya meli, kabla ya reli, kabla ya duka la baba yake Ba kule Lira.

Wiki mbili zilipokwisha tulirudi kwa daktari. Nilikuwa sijalala. Alifungua bandeji, akainama, akabonyeza pembeni, akaniita nione. Chini ya kidonda kulikuwa na nyama mpya, nyekundu, yenye vipunje vidogo. "Kinafunga," alisema. Hakukuwa na haja ya upasuaji wa pili. Baada ya wiki nyingine tatu kilikuwa kovu. Sitasema ni mbaazi peke yake zilizomponya. Kulikuwa na dawa, usafi, mazoezi ya viungo, na siku zenyewe zinazopita. Lakini uzi wa kujishonea mwili uliupata kwenye sahani ya Ba.

Siku ya kuondoka, Ba alimpa Mama mfuko wa mvuje na mwiko mwembamba wa kusukumia chapati. Kisha akauliza kitu ambacho naamini alitaka kukiuliza tangu siku ya kwanza: kule Lira, nyuma ya maduka, ile miembe mikubwa, bado ipo? Nilifungua mdomo niseme kwamba sijui. Mama akaniwahi. "Iko," alisema. "Bado natoa maembe." Mama hajawahi kuishi Lira, wala hajui duka lile lilikuwa mtaa gani. Nilinyamaza. Ba alishika mikono yake miwili, wakakaa hivyo mpaka teksi ilipopiga honi.

Nyumbani tulichinjiwa mbuzi. Ndugu walikuja kumwona Mama akitembea bila gongo kutoka mwembeni hadi jikoni. Alikula kipande kimoja cha nyama, akaagiza aletewe lapena. Baba alimuuliza India walimlisha nini hata akanenepa. Mama akajibu, "Umeuza madume matatu nikale mbaazi." Watu wote walicheka, na Baba akacheka kuliko wote, ingawa nilimwona akitazama upande wa zizi.

Sasa nimerudi chuoni. Wenzangu mnajua bwalo letu: posho na maharage, Jumatatu hadi Jumapili. Mnajua pia malalamiko yetu, kwamba tunakula chakula cha wafungwa, kwamba afya itatoka wapi bila nyama. Nami nililalamika hivyo mwaka wa kwanza. Leo nikisimama kwenye foleni namwomba mpishi anipunguzie posho, aniongezee maharage, na achote chini ya sufuria, si juu. Mahindi na maharage ni ndugu wa mchele na dengu. Kimoja kinaziba pengo la mwenzake vilevile. Nikipata limau nalikamulia juu. Jioni nanunua konzi ya karanga badala ya mandazi. Wanaonijua wananiita Mhindi.

Mpishi alinizoea. Juzi aliniuliza kwa nini nataka za chini. Nilimwambia nilikaa miezi mitatu kwa bibi mmoja aliyenifundisha kwamba chakula kiko chini ya bakuli. Alinitazama kidogo, akazamisha upawa.